Kimraba cha Kijani

Ofisini walimwita Moja Tu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja aliwaambia mawaziri, mabondia, maharusi na wezi waliofungwa pingu, "Moja tu, tafadhali," kisha akabofya, akashusha kamera na kugeuka zake. Wapiga picha wengine wakishabofya huinamisha vichwa kwenye kioo cha nyuma ya kamera kutazama walichokipata. Yeye hakuwahi. Kazi aliianza enzi za filamu, wakati ulichokipiga leo ulikiona kesho kwenye chumba cha giza, na tabia hiyo hakuiacha hata filamu zilipokwisha madukani. Wote aliowafundisha aliwaambia kwamba kutazama kioo ni dalili ya mtu asiyejiamini, nao waliokuwa wakimwogopa wakaacha kutazama.

Tusimpunje, alikuwa fundi kweli. Lakini alikuwa pia mbishi kupindukia, na ubishi ndio uliokuja kumtokea puani.

Gazeti lao liliwahi kuwa na wapiga picha saba. Sasa walibaki wawili, yeye na bwana mmoja wa michezo ambaye hakuonekana ofisini ila siku ya mshahara. Waandishi walikuwa wakijipigia wenyewe kwa simu zao, na picha zao zilifanana kama sare za shule. Moja Tu alizichukia simu hizo kwa chuki ya mtu aliyeporwa. Alisema siku hizi ukienda msibani huwezi kumwona marehemu kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa, na kwamba wengi wa wenye mikono hiyo hata jina la marehemu hawalijui. Akishasema hayo alitoa simu yake mfukoni na kuzama humo nusu saa nzima, hana habari na mtu.

Miaka miwili nyuma ofisi ilimnunulia kamera mpya. Ilikuwa na akili za ajabu. Ukiielekeza kwa mtu inamtafuta macho yenyewe, inayawekea kimraba kidogo cha kijani, inalia "ti", na kuanzia hapo mtu huyo akitikisika, akigeuka, akicheka, kimraba kinamwandama na fokasi haimtoki. Siku ya kwanza Moja Tu aliicheka mbele za watu. Alisema yeye si mtoto wa kushikwa mkono kuvushwa barabara. Alitafuta jinsi ya kuizima ile akili, akaizima, akapiga kwa mkono kama alivyozoea.

Baada ya miezi mitatu aliiwasha tena, wala hakumwambia mtu.

Shida ilikuwa macho. Alikwenda dukani kununua miwani ya kusomea, na aliyempima alimmulika, akammulika tena. Akamweleza kwamba katikati anaona vizuri lakini pembeni panafifia, kulia, kushoto na chini, na kwamba inaelekea ni presha ya macho. Akamsihi aende hospitali wiki ile ile, maana kinachopotea kwa ugonjwa huo hakirudi, dawa hulinda tu kilichobaki. Moja Tu alishukuru, akalipia miwani, akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na mkutano wa wakuu, iliyofuata ikawa na moto sokoni. Ukweli ni kwamba aliogopa. Ilibaki miaka mitatu astaafu, na alijua mpiga picha akishika karatasi ya kliniki ya macho, ya kustaafishwa iko njiani.

Basi akajikaza kisabuni. Alipoanza kugonga bega kwenye miimo ya milango alijifanya anajikuna. Nyumbani alivisogeza viti vyote ukutani ili apite katikati. Barabarani waendesha baiskeli walimtukana, naye aliwajibu kana kwamba kosa ni lao. Na kazini, ile kamera aliyoicheka ikawa fimbo yake. Alimweka mtu katikati, akasikiliza "ti", akabofya.

Nyumbani hakuwa na mtu wa kumgundua. Mkewe alikuwa amehamia mji mwingine kwa binti yao, kulea mjukuu, na safari ya miezi mitatu ilikuwa imefikisha mwaka na nusu bila yeyote kusema lolote. Binti alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Kila siku saa saba na robo mchana, wenzake wakiwa kantini, Moja Tu alikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo na simu yake. Kwanza aliangalia video za mzee mmoja asiyesema neno, mwenye glavu nyeupe, anayefungua lenzi kuukuu zilizoota ukungu, anasafisha kioo kimoja kimoja kwa pamba na kuzifunga tena zikiwa zinang'aa. Alizitazama kwa uchu, kama mtu anayetazama upasuaji ambao mgonjwa hupona kila siku. Halafu alifungua ule mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa watoto. Unaonyeshwa picha mbili zinazofanana, una dakika mbili kutafuta tofauti kumi. Yeye na binti yake waliufungua saa ile ile, kila mtu mjini kwake, wakaandikiana matokeo. Ndiyo familia iliyobaki, ukitaka kusema kweli. Mambo mengine hawakuyazungumza sana. Kwa miaka alimshinda binti bila huruma, kumi kwa nane, kumi kwa saba, na kumwandikia kwamba macho ya kazi hayanunuliwi. Kisha akaanza kupata saba. Kisha sita. Binti alimwuliza kama ameanza kumhurumia. Alijibu kwamba mtandao unasumbua.

Jumanne moja asubuhi ukuta wa ghala la kufungashia bidhaa uliporomoka na kuua watu wanne. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akibandika karatasi za anwani kwenye maboksi. Mama yake, fundi cherehani, aliwafungia mlango waandishi wote. Waligonga, waliita, mmoja akapitisha simu dirishani kupiga picha ya ndani. Moja Tu alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili, kamera ndani ya begi, muda wa saa mbili. Hilo ndilo alilolijua kuliko wote, kungoja. Mama alipotoka kumwaga maji alimkuta yuko peke yake, akamwuliza kwa nini yeye hapigi kelele. Alimpa pole, akamwambia anangoja tu, na kama hataki atakwenda zake.

Akamkaribisha ndani. Kilikuwa chumba cha kazi na cha kulala pamoja. Gauni ambalo halijaisha lilining'inia na pini zake, na juu ya cherehani ilisimama picha ya marehemu ndani ya fremu, iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake cha kazi. Mama aliichukua, akaipangusa kwa kiganja.

"Picha zetu zote, mimi na yeye, zilikuwa kwenye simu yake," alisema. "Simu imebaki chini ya ukuta. Piga, lakini uniletee moja tulimo wote wawili."

"Nitakuletea, mama. Hilo niachie mimi."

Alimkalisha karibu na dirisha, fremu kifuani. Mwanga ulikuwa hafifu, akaifungua lenzi yote, jambo ambalo huwa linakifanya chochote kilicho mbele au nyuma ya fokasi kiyeyuke. Akaweka uso wa mama katikati. Akasikia "ti". Kwa mdomo alisema moja tu, kidole kikabofya mara arobaini na tatu, maana alijua amepata uso ambao haupatikani mara mbili. Mama hakulia. Alitazama mbele tu, na taya lake lilikuwa likitetemeka. Moja Tu alishusha kamera, akashukuru, akatoka. Kioo hakukitazama.

Sasa sikiliza kilichotokea humo. Mama aliishika fremu imeinama kidogo, imetangulia mbele ya uso wake kwa upana wa kiganja. Kamera ilitumwa kutafuta macho, ikakuta manne. Ikayachagua yaliyo karibu zaidi, makubwa, yasiyopepesa. Kimraba cha kijani kilitua kwenye uso wa msichana wa kwenye fremu na kikakaa hapo mara zote arobaini na tatu. Mtu yeyote mwenye macho mazima angekiona kule chini. Kwa Moja Tu, kule chini hakukuwa na kitu.

Mhariri wa picha alikuwa mwanamke aliyefundishwa kazi na Moja Tu mwenyewe, miaka minane nyuma. Alizifungua picha kwenye kompyuta kubwa, mwalimu wake amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Ya kwanza, ya pili, ya tano. Msichana wa kwenye fremu alionekana wazi hadi nukta za wino wa kuchapia. Mama yake alikuwa ukungu. Palikuwa na umbo la kichwa, kitu cheusi mahali pa macho, basi. Mhariri aliendelea kubofya polepole hadi ya mwisho. Chai ilipoa mkononi mwa Moja Tu.

Mhariri aligeuka. "Mzee, umefanya makusudi?"

Mlango wa kutokea ulikuwa pale pale, wazi. Angesema hapana, yangekwisha kwa aibu ya siku moja.

"We unaonaje?" akauliza.

"Naona ni picha ya mwaka."

Moja Tu hakumsahihisha, na hilo ndilo lililomponza. Picha ilitoka ukurasa wa mbele, nzima, bila maandishi juu yake. Kufika adhuhuri ilikuwa imesambaa kila simu. Watu waliandika kwamba walio hai wamefutika na aliyekufa ndiye anayetutazama. Mwalimu mmoja wa sanaa aliandika maelezo marefu kuhusu uamuzi wa mpiga picha, jinsi mama alivyoyeyushwa na majonzi. Mwingine akasema jicho la namna hiyo halifundishiki. Mkurugenzi, ambaye kwa miaka alimpita bila salamu, alimsimamisha koridoni, akamshika mkono, akataja shindano la nje na kuongezewa mkataba.

Moja Tu alisoma maoni hayo yote. Siku tatu mfululizo alikaa kwenye ngazi zile akisoma, mzee wa glavu nyeupe amesahaulika, na kila sifa ilimchoma. Jioni wenzake walipoondoka alifungua picha zote arobaini na tatu kwenye kompyuta kubwa na kuzipitia pua ikikaribia kugusa kioo, akitafuta hata moja ambayo kimraba kiliteleza kikapanda kwa mama. Haikuwepo. Nakala aliyoahidi hakuipeleka. Angepeleka ipi?

Siku ya nne ujumbe wa binti ulifika.

"Baba, nimeiona picha. Kila mtu anaisifia, ila mimi nina swali. Tangu mwaka uanze nimekuwa nikiandika tofauti unazokosa, nilitaka kukutania siku yako ya kuzaliwa. Zote ziko pembeni au chini. Ya katikati hujakosa hata moja. Na ile fremu iko chini. Hukuiona, sivyo?"

Aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika fupi, akalifuta nalo. Mwishowe alimwandikia kwamba mtandao unasumbua, akaizima simu. Nami namhukumu kwa hilo kuliko kwa lile la ofisini. Ofisini alidanganya kwa kutojibu. Huyu alikuwa mwanawe, alimnyooshea mkono, naye akaukwepa.

Siku ya tisa mama alikuja mwenyewe. Alikuwa na gazeti lililokunjwa mara nne na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Mhariri alimpokea kwa bashasha, akampa kiti, akamwita Moja Tu, akaanza kumweleza mgeni jinsi picha ilivyowagusa watu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kama mtu anayesikiliza maelezo ya dawa. Kisha alilikunjua gazeti, akalilaza mezani na kulinyoosha makunyanzi kwa vidole vya mtu aliyezoea kitambaa.

"Watu wananisimamisha njiani kunipongeza," alisema. "Nashukuru. Lakini huyu mtoto namjua, na picha yake hii ninayo nyumbani. Mimi niko wapi?"

Mhariri alijaribu. Alisema ni namna ya kuonyesha uchungu, kwamba wapiga picha wakubwa hufanya hivyo, kwamba ukiitazama kwa makini utaona. Maneno yalimpungukia katikati ya sentensi. Mama hakuwa na ugomvi naye. Alimgeukia Moja Tu, aliyesimama kando ya kabati.

"Baba, wewe uliniahidi picha tulimo wote wawili."

Kwenye chumba kile kulikuwa na feni, ilizunguka. Mtu alicheka mbali huko kwenye dawati la michezo.

"Sikuona, mama," Moja Tu alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe usoni. Kamera ikamshika yeye, nami sikuona. Chini sioni. Pembeni pia sioni. Ni mwaka wa pili sasa."

Mhariri alishusha macho kwenye gazeti. Huenda alifikiria shindano, huenda mkurugenzi, huenda siku zote alizomwona mwalimu wake akijikuna bega mlangoni. 

Mama ndiye aliyeuliza kama amekwenda hospitali.

"Bado. Waliniambia niende mapema. Nikasema wiki ijayo."

Mama alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, na Moja Tu angefurahi kama ingekuwa hasira.

"Mwanangu aliwaambia wakubwa wake ule ukuta una ufa," alisema. "Nao walimjibu hivyo hivyo. Wiki ijayo."

Mama alianza kufungua taulo mapajani. Fremu ilitoka, akaipangusa kwa kiganja kama siku ile.

"Nimekuja naye. Nilidhani huenda itabidi kurudia."

Moja Tu alitoa kamera kwenye begi. Aliishika kitambo, kidole gumba mahali pake ambapo rangi ilikuwa imelika. Kisha akamvalisha mhariri mkanda shingoni.

"Piga wewe."

Mhariri alisema hajashika kamera miaka minne. Moja Tu alimwambia mkono hausahau, na akamwelekeza, azime ile akili ya kutafuta macho, aibane lenzi hadi wote wawili waingie kwenye fokasi, asimame pale. Yeye mwenyewe akaenda kuvuta pazia ili mwanga uingie. Njiani aligonga bega kwenye kabati, na safari hii hakujikuna.

Mama alikaa wima. Mhariri alipumua, akabofya mara moja, akashusha kamera, kidevu juu, bila kutupia kioo hata jicho. Vile vile kama alivyofundishwa.

"Tazama," Moja Tu alimwambia kutoka dirishani.

"Mzee?"

"Tazama kioo. Tazama vizuri. Kisha upige nyingine, nayo uitazame."

Mhariri aliinamisha kichwa. Mama alinyanyuka na fremu yake kwapani, akamsogelea, na vichwa viwili vikainama juu ya kile kioo kidogo. Walikawia. Moja Tu alibaki pale pale, ameshika pazia, akingoja aambiwe.